Mikono Mitatu na Pampu ya Harriet

Novemba 9, Jumapili

Naanza leo. Siku zile Stan alipokuwa amelazwa, mdomo umepinda na mimi sijui kama ataamka, nilimwahidi Mungu kwamba akinirudishia mume wangu nitakuwa naandika mambo ya kushukuru, madogo kwa makubwa. Basi amerudi. Mdomo umenyooka na maneno yote yamerudi, hata yale ambayo ningefurahi yangebaki hospitalini. Mkono wa kulia ndio haujarudi. Unaning'inia tu, vidole havishiki hata kijiko.

La kushukuru leo: amekula bakuli mbili za supu na kulalamika kwamba haina chumvi.

Na la kuniogopesha niliandike pia, nisije nikamficha Mungu. Tangu atoke hospitali Stan hajateremka chumba cha chini, kwenye karakana yetu. Jana amesema, "Bina, mashine ya kupimia iuzwe. Kuna mtu wa Denver anaitaka, aje aichukue." Mashine hiyo aliiunda mwenyewe kwa mota ya kerezo kuukuu la kuchongea vyuma na mirija minne ya kioo. Maisha yetu yote ya ndoa tumekuwa tukitengeneza pampu za nozeli za magari ya zamani ya Kiitaliano, yale yasiyo na kabureta, ambayo pampu ndiyo inayoipimia kila silinda petroli yake. Stan anafungua na kufunga, mimi naosha, napanga na kusoma mirija. Mashine ikitolewa humu ndani, naona na Stan atakuwa ametolewa nayo, ingawa atakuwa amekaa palepale kwenye kiti. Nimemjibu, "Sawa." Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Imebaki pampu moja, ya Harriet Lindqvist, mwanamke mwenye duka la mikate kule Astoria, Oregon, ukingoni mwa bahari. Tulimwahidi kabla Stan hajaugua. Nimesema nitaitengeneza mwenyewe.

"Wewe?" Stan akauliza.

"Mimi. Kwani nilikuwa naosha nimefumba macho?"

Novemba 14

Theluji kidogo hapa Pueblo. Nunzio amekuja kunywa kahawa. Nunzio Giarratano ni jirani, Msisilia, alifanya kazi na Stan kiwanda cha chuma na ana Alfa ya kijani, mojawapo ya magari hayo ya Kiitaliano, anayoipenda kuliko watoto wake. Amekaa mpaka birika limekauka. Nashukuru kwamba hatimaye ameondoka.

Novemba 27, Siku ya Shukrani

Bata mzinga, viazi, na pilipili za kuchoma tulizoziweka kwenye friza tangu Septemba. Stan amekataa kukatiwa nyama. Ameikata mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kipande kimeruka mpaka kwenye pazia. Tumecheka mpaka nikashika mbavu. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake tangu Septemba hiyohiyo.

Desemba 6

Leo nimeifungua pampu ya Harriet. Ndani mna pistoni nne nyembamba, kila moja imesuguliwa na silinda yake mpaka zikakubaliana. Ukiichukua ya kwanza ukaiingiza nyumba ya pili, umeua zote mbili. Ndiyo maana sisi tunatumia trei ya kuokea vikeki: kila kishimo pistoni na silinda yake, na hakuna kuzungumza na mtu wakati wa kuzihamisha. Halafu hufuti kwa kitambaa, maana uzi mmoja tu ukibaki ndani ni balaa. Unaosha kwa mafuta safi, unaisimamisha silinda, unaiachia pistoni ishuke kwa uzito wake wenyewe. Ikishuka polepole bila kusita, ni nzima.

Nikiwa katikati ya kazi nikasikia kiti kinaburutwa juu ya kichwa changu. Kikasimama karibu na mlango wa ngazi.

"Unatumia kitambaa!" Stan akapiga kelele.

"Situmii!"

"Nasikia unafuta!"

"Ninakuna pua, Stan! Na hilo nikuombe ruhusa?"

Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Pistoni zinashukaje?"

"Vizuri. Zote nne."

Kiti hakikurudi kilikotoka. Namshukuru Mungu kwa kiti hicho.

Desemba 20

Nimeoka potica tatu, mkate wetu sisi Waslovenia, wa kuviringisha kwa njugu na asali, kama mama alivyokuwa akioka kila Krismasi. Nunzio amekula nusu ya mmoja akiwa amesimama, hajavua hata koti. "Shemeji," ananiambia, "huu umekuwa mkavu kidogo mwaka huu," na huku anachukua kipande kingine. Ndani ya moyo wangu nimemfukuza mara tatu. Na Stan anamfurahia! Wanakaa wawili wanazungumza habari za tanuri za zamani, nani alianguka, nani aliungua, na hata siku moja Nunzio hajamwambia rafiki yake, "Teremka, twende tukaitazame pampu."

Januari 11

Nina hasira na sitaki kuandika la kushukuru. Nimejua leo kwamba mtu wa Denver aliletwa na Nunzio. Ni Nunzio mwenyewe aliyempigia simu, ni Nunzio anayepanga lini aje. Anakunywa kahawa yangu na kuniuzia karakana! Stan ndiye aliyeniambia, kwa utulivu kabisa, akidhani ninajua. "Nunzio anasema atakuja baada ya Pasaka."

Kesho kahawa itakuwa nyepesi.

Januari 12

Ameinywa nyepesi hivyohivyo, akasema ni nzuri kwa presha yake.

Januari 30

Leo nimewasha mashine. Pampu ya Harriet imefungwa, mkanda umekazwa, mirija minne inajaa tone kwa tone. Juu, kiti kiko palepale mlangoni, siku hizi kinalala hapo.

"Bina! Ya tatu iko chini!"

Nikaangalia. Mrija wa tatu ulikuwa chini ya wenzake kwa upana wa ukucha. Mimi niliyeinamia kioo nimevaa miwani sikuwa nimeiona tofauti hiyo, na yeye ameisikia kupitia sakafu, zulia na mbao. Nikarekebisha, nikawasha tena. Safari hii hakusema kitu. Nikasubiri. Mirija yote minne ilikuwa sawasawa. Nilipanda mbio na makalio yangu haya, nikambusu utosini.

"Basi ndiyo imekwisha," akasema. "Mwandikie Harriet."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga duka.

Februari 7

Pampu imekwenda posta. Nimeifungasha kama mtoto anayepelekwa ubatizoni.

Februari 8

Stan amerudisha kiti chumbani.

Februari 21

Harriet amepiga simu asubuhi, tunakunywa chai. "Bina mpendwa," ameanza, na mtu akianza hivyo ujue kuna jambo. Pampu ameifunga na fundi wake, gari limewaka mara moja, lilinguruma vizuri kabisa. Wametoka. Walipoanza kupanda kilima cha mjini kwao gari likaanza kukohoa na kupiga mishindo. "Kama bunduki, dada. Watu walitoka madukani. Na injini ikapata moto, mshale ukapanda, nikazima palepale."

Mungu ambariki kwa kuzima. Gari linalonyimwa petroli namna hiyo huchoma pistoni, na injini hiyo ni ya baba yake.

Nikamwambia, "Harriet, kosa ni langu, si la fundi wako. Irudishe, nitaligundua." Yule mwanamke angeweza kunitukana na asingekuwa amekosea. Akasema, "Nilijua utasema hivyo. Naituma leo, na ninakutumia biskuti." Nilipokata simu nikakaa chini nikalia. Si kwa ajili ya pampu peke yake. Nilikuwa nimejidanganya kwamba Stan akiona kazi inaendelea atakuja kuifuata. Sasa ana ushahidi kwamba bila mkono wake hakuna karakana.

Nunzio alikuwapo, atakosaje. "Ni ile chombo ya joto," akasema. "Mimi yangu ilinisumbua hivyohivyo."

"Chombo cha joto nilikibadilisha," nikamjibu, na sikumjibu vizuri. Chombo hicho huiambia pampu iongeze petroli injini ikiwa baridi.

Stan alikuwa akizungusha kikombe chake kwa mkono wa kushoto. Nilingoja aseme, si nilikwambia. Badala yake aliuliza polepole, "Kikopo ulikirekebishaje?"

Kikopo ni kile kibati kidogo kilichozibwa kisipitishe hewa, kilichokaa juu ya pampu. Ukipanda mlima, hewa ikapungua, kinavimba na kuiambia pampu ipunguze petroli. Ukishuka kinanywea, petroli inaongezwa.

"Hakikuwa sawa," nikasema. "Nikakaza skrubu mpaka kikafika kipimo cha hapa."

"Cha hapa."

"Cha hapa Pueblo, Stan. Kwani tuko..." Nikaweka mkono mdomoni.

"Malizia tu," akasema, na nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Mwanamke anayesindika maharage na kuongeza presha kwenye sufuria kwa sababu tunaishi juu. Anayewagombeza binamu zake wa pwani kwamba mapishi yao hayafai huku. Ndiye huyu."

"Kikopo kimekufa," nikasema. "Kimekufa, hakinywei tena, mimi nikakiegesha kwa hewa nyepesi ya huku, nikakipeleka baharini kwenye hewa nzito."

"Hakijui kama kimehama," akasema Nunzio, na alicheka mwenyewe mpaka akakohoa. Hata mimi nilicheka, huku machozi bado yapo.

Februari 22, Jumapili

Baada ya misa nimemuuliza Stan, "Wewe ulikuwa unajuaje kama kikopo ni kizima? Hapa hewa ni ileile kila siku."

Amenitazama kama ninatania. "Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Tulipokuwa tunapanda njia ya mlimani ya Hardscrabble kula sandwichi. Ulidhani nasimama kule juu kufanya nini?"

"Kutazama milima!"

"Milima naiona dirishani, mke wangu. Vikopo vilikuwa mfukoni. Napima nyumbani, napima kule juu. Kinachovimba ni kizima."

Miaka yote hiyo! Mimi nilikuwa natandaza kitambaa na kufungua chupa ya kahawa, namsimulia mwenzangu jinsi theluji inavyopendeza kileleni, kumbe mwenzangu yuko kazini. Nimekasirika kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Halafu nimefurahi, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu aliniambia mwenyewe, na aliponiambia alikuwa ameinuka kitini.

Machi 3

Pampu imerudi. Biskuti pia, zimevunjika zote na ni tamu.

Machi 8, Jumapili

Siku ndefu, nataka niiandike yote.

Barabara ilikuwa imesafishwa theluji. Nimesema tupande Hardscrabble kupima vikopo. Stan amesema hapandi, amechoka. Nunzio akaja na pikapu yake, akapiga honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. "Mzee, toka! Shemeji ataendesha peke yake kwenye barafu, akidondoka bondeni nani atanipikia kahawa?" Stan akatoka anatukana, kofia upande. Tumekaa watatu kiti cha mbele, mimi katikati, magoti yangu yanagonga gia.

Nilikuwa na vikopo viwili kwenye sanduku la sandwichi: cha Harriet, na kimoja ambacho Nunzio alikuwa amekitoa kwenye Alfa yake asubuhi hiyo. Sikumwomba. Alinikabidhi kimefungwa kwenye leso. "Kama kile kimekufa mtahitaji kizima," alisema. Vyote viwili tulikuwa tumevipima mezani kabla ya kuondoka.

Kule juu upepo ulikuwa unakata masikio. Stan akaniambia nitoe rula ya kupimia, ile ya taya. Nikampa. Akaishika kwa kushoto, lakini huwezi kushika kikopo na kusukuma taya kwa mkono mmoja. Nikamwona anajaribu kuuinua wa kulia. Uliinuka mpaka kiunoni, ukakomea hapo. Uso wake ukaanza kujifunga, kule kujifunga ninakokujua tangu msimu wa vuli, na nikajua nisiposema kitu sasa hivi tunarudi nyumbani na habari imekwisha.

"Nipe kikopo," nikasema. "Mimi nashika, wewe pima."

Nikakishika kwa vidole vyangu viwili kila upande. Akasukuma taya kwa kidole gumba, akainama, pumzi yake ikanipiga kwenye vidole.

"Usitetemeke."

"Ni baridi!"

"Mimi nina kiharusi na sitetemeki."

Cha Harriet: kipimo kilekile cha mezani. Hakijui kama kimehama, kweli. Cha Nunzio: kimevimba, na kimevimba vizuri kabisa. Stan alipima tena, na mara ya tatu, nadhani kwa raha tu. Kisha akasema, "Kati yetu tuna mikono mitatu, Bina. Kwa kazi hii inatosha." Alisema bila kunitazama, akiifuta rula kwenye suruali.

Alipokwenda nyuma ya msonobari kwa haja yake, nikamgeukia Nunzio. Nilikuwa nimeibeba hasira tangu Januari na sasa nilitaka kuitua. Nikamuuliza kwa nini alimletea rafiki yake mnunuzi.

"Shemeji, alinibana. Siku ile katoka hospitali, alisema nisipompigia yule mtu atampigia mwenyewe. Nikapiga mimi."

"Kwa nini?"

"Ili mwenye kupanga tarehe niwe mimi." Akajikuna shingo. "Yule bwana alitaka kuja Novemba. Nikamwambia njia mbaya. Akataka kuja Krismasi, nikasema mashine iko kwenye matengenezo. Akataka kuja Februari, nikamwambia panya kala mkanda. Pasaka ndipo uongo wangu ulipoishia, sina mwingine. Nilikuwa nakuja kila siku nimtazame kama moyo umerudi."

Mimi, na kahawa yangu nyepesi! Nilimkumbatia palepale barabarani, na Stan aliporudi akifunga zipu akauliza kama na yeye anaruhusiwa.

Kuna jambo moja la mwisho. Nimemuuliza Nunzio, "Na gari lako sasa litatembeaje bila kikopo?" Amesema, "Nipeni hicho kilichokufa. Si shemeji amekiegesha kwa hewa ya Pueblo? Mimi naenda wapi? Kanisani, dukani, na kwenu."

Machi 10

Stan ameteremka karakana. Ameteremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, akiilaani kila moja kwa tusi lake la Kislovenia. Alipofika chini akanusa mafuta. Kisha akaniambia trei ya vikeki nimeiweka mahali pabaya. Ee Mungu, asante.

Machi 15

Mirija minne sawasawa. Kikopo kizima kimefungwa. Mimi nilifunga, yeye alishikilia kwa kushoto na kunikosoa.

Machi 19

Pampu imeondoka tena posta. Jioni tumekula kwa Nunzio kwenye meza ya Mtakatifu Yosefu, karamu yao Wasisilia ya siku ya leo: pasta na dagaa na mkate aliofundishwa na nyanya yake. Alfa yake inatembea vizuri na kikopo chake kilichokufa. Amejisifu nayo kwa padri.

Machi 28

Hakuna habari kutoka Astoria. Simu ikilia Stan anakuwa wa kwanza kuinua kichwa.

Aprili 2

Hakuna habari. Mtu wa Denver amepiga. Anakuja Jumanne na lori. Nunzio amenipigia kunieleza, sauti imemwishia. Stan amesikia na hakusema aje wala asije. Nami nimeshindwa kumuuliza. Nimeogopa jibu.

Aprili 6, Jumatatu ya Pasaka

Tumekula mabaki ya nyama na mayai yaliyopakwa rangi. Saa ya kahawa, Nunzio yupo kama kawaida, simu ikalia. Ni Harriet. Fundi wake alikuwa mgonjwa, pampu wameifunga juzi, na leo anapiga akiwa juu ya kilima, kwenye mnara wao.

"Bina, limepanda! Limepanda mpaka juu halijakohoa hata mara moja. Mshale haujasogea. Dada, nilikuwa naimba!"

Nilimpa Stan simu. "Weka karibu na injini," akamwambia. Akasikiliza muda mrefu amefumba macho. Mimi na Nunzio tulikuwa tumesimama hatuna hata pumzi. Kisha akasema kwenye simu, "Ni nzuri. Ya kwanza hadi ya nne. Mshukuru fundi wako. Aliyeitengeneza ni mke wangu."

Akakata. Akaniomba namba ya mtu wa Denver. Nilimpa, maana ingeniwia vigumu kusema siijui wakati imebandikwa kwenye friji. Akapiga mwenyewe, kwa kidole gumba cha kushoto.

"Bwana, ni Stan Perko. Samahani sana, usije kesho. Ndiyo, najua. Ndiyo, najua nilikuahidi. Tatizo ni kwamba mashine ina wenyewe wawili, na mimi nilikuuzia bila kumuuliza mwenzangu."

Akasikiliza kidogo, akasema, "Hapana, sijamuuliza bado. Namuuliza sasa." Akaweka simu kifuani, akanigeukia.

"Bina. Tunauza?"

Maisha yangu yote sijawahi kusema hapana haraka kiasi hicho.